Mama Mkubwa Winfrida na Vitabu vya Vita

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, Mama Mkubwa Winfrida alisukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akatema nyuma ya nyumba, halafu akachukua chochote chenye maandishi akakisoma kwa sauti. Chochote kabisa. Kama hakuna kitabu karibu alisoma kalenda ya mwaka juzi, au mfuko wa salfa ya mikorosho.

"Usile wala usinywe wakati wa kunyunyizia dawa hii!" aliwatangazia kuku. "Weka mbali na watoto!"

Kuku walimwangalia. Mumewe, Baba Mkubwa Nikolao, aliyekuwa fundi baiskeli, alicheka chini chini huku anafunga mnyororo wa baiskeli ya mtu. Mama Mkubwa hakumjali. Alikuwa anaiamsha sauti yake, basi.

Yeye ni dada wa mama yangu. Nimekaa kwake hapa Mkunya tangu nilipoacha shule darasa la tano, na msimu wa korosho nilikuwa nakwenda naye bandani, nakaa pembeni yake, nabangua. Mimi si msemaji, kwa hiyo mengi niliyaona.

Banda ni la Bibi Flora. Mavuno yakishaingia, kina mama wa upande wetu hukusanyika pale. Korosho inakaangwa kwenye bati mpaka inatoa moshi wa kuliza, halafu kila mtu anachukua jiwe lake na kigongo chake cha mti, anagonga, anatoa kiini kizima bila kukipasua. Mafuta ya ganda ni makali, yanababua. Unapaka majivu vidoleni lakini wapi, vidole vinakuwa vyeusi hivyo hivyo, ngozi inachunika, na weusi ule unakaa nao mpaka msimu uishe. Sokoni Newala, mwanamke akikunyooshea mkono kupokea chenji, unajua huyu anabangua.

Mama Mkubwa alikuwa na mikono safi. Yeye alikuwa msomaji. Msomaji hagusi korosho, maana atachafua kurasa, na ili asirudi nyumbani mikono mitupu kila mama alimwekea jioni kiganja kimoja cha korosho kwenye ungo wake. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, ilikuja tu yenyewe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pekee penye mwanga mzuri, miguu ameinyoosha, kitabu mapajani. Sisi wengine tulikaa chini, na moshi.

Zamani alikuwa anasoma hadithi za mapenzi. Bibi Flora ndiye aliyezikataa.

"Hawa watu wa kitabuni hawalimi?" aliuliza siku moja. "Wanalia tu, wanabusiana. Shamba nani anapalilia?"

Basi Mama Mkubwa akapanda gari akaenda Masasi. Kule, karibu na stendi, yuko bwana anaitwa Mudathiri, anatandika turubai chini na kuuza vitabu vilivyotumika. Ukimpelekea kitabu na bakuli la korosho juu yake, anakupa kingine. Mama Mkubwa akarudi na kitabu cha vita, na tangu siku hiyo bandani ikawa vita tu. Riwaya za vita, na kumbukumbu za wakubwa waliopigana wakastaafu wakaandika.

Ungewasikia kina mama. Kila mmoja alikuwa na neno lake. Bibi Flora alipokuwa mtoto alivushwa Mto Ruvuma mgongoni kwa mama yake, wakati wa vita vya ng'ambo, na alichokikumbuka ni kwamba walikula mboga bila chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Kwa hiyo kila kitabu alikipima hapo hapo.

"Mama Stefano, hebu simama kidogo," alimwambia Mama Mkubwa. Stefano ni mwanawe wa kwanza. "Watu wamepigana tangu juzi. Nani amepika?"

"Haijaandikwa, Bibi."

"Basi huyu mwandishi hajaiona vita. Ameambiwa."

Na Mama Awadhi, jina lake Stamili, yeye ni Mmakua na mtani wa ukoo wetu, anaweza kusema lolote na hakuna wa kukasirika: "Mimi nasubiri mtu aende chooni! Kitabu kizima, jamani, jeshi zima, hakuna hata mmoja aliyejisaidia. Ndiyo maana wana hasira."

"Mwandishi hawezi kuandika kila kitu," Mama Mkubwa alimjibu.

"Mbona jua linazama kila ukurasa? Apunguze jua, aweke choo."

Kulikuwa na riwaya moja shujaa wake aliua watu kama anapalilia karanga. Mama Awadhi akasema huyo si askari, huyo ni kipindupindu. Na kumbukumbu za mkubwa mmoja wa jeshi zilizojaa "nilishambulia", "niliuteka mji", Bibi Flora alizisikiliza zote kwa adabu, mwisho akauliza: "Peke yake?"

Wakishamaliza kubishana walimgeukia Mama Mkubwa. Yeye alifunga kitabu, akaweka kiganja juu ya jalada, akasema maoni yake. Hapo wote walinyamaza. Akisema, "Hiki kina kelele nyingi na woga mdogo, mwandishi anatuficha," basi kesho yake utayasikia maneno hayo kwenye bomba la maji, kesho kutwa nje ya kanisa. Watu ambao hawajawahi kushika kitabu walijua kipi kizuri na kipi cha uongo, kwa sababu Mama Stefano amesema. Aliupenda mno wakati ule. Korosho za kwenye ungo alizipenda pia, lakini sidhani kama zingemliza. Kile cha kunyamaziwa ndicho kilikuwa chakula chake.

Na kulikuwa na mtindo mmoja wa banda letu. Mahali pakiwa patamu, kina mama waligonga mawe yote kwa pamoja, ko ko ko, na kupiga kelele "Rudia!" Msomaji akarudia pale pale, neno kwa neno, na wao wakaanza kudakia naye. Akiruka neno alichekwa. Mama Mkubwa hakuwahi kuruka.

Mwaka jana, msimu ulipoanza, Mama Isabela alirudi kwao.

Jina lake Yasinta. Alikuwa ameolewa na askari, Koplo Anselmo, wakakaa Lisekese kule Masasi karibu na ndugu wa mume. Anselmo alipelekwa nchi nyingine kulinda amani akafia huko. Yasinta akakaa matanga, akakaa tena kidogo, halafu akarudi Mkunya kwa mama yake na mtoto wake Isabela, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mwanamke ana kwao. Akaja bandani, akachukua jiwe, akabangua siku kadhaa bila kusema zaidi ya shikamoo na asante. Mwanamke mwembamba, sauti ndogo. Mama Mkubwa alimpenda. Alimwita mdogo wangu, akamsogezea majivu.

Kisha mvua ikanyesha mfululizo, barabara ikaharibika, Mama Mkubwa akashindwa kwenda Masasi kubadilisha kitabu.

"Tumebaki bila vita," Mama Awadhi akalalamika. "Tutapigana wenyewe sasa."

Yasinta akasema, taratibu, "Mimi ninacho kimoja."

Kesho yake akaja nacho kwenye mfuko wa rambo. Chembamba, jalada la kijani. Aliyekiandika ni mwenzake Anselmo, walikuwa kikosi kimoja, naye amestaafu. Mama Mkubwa akanyoosha mkono. "Lete nikisome, mdogo wangu."

Yasinta alikishika kifuani. "Naomba nianze mimi, dada. Kidogo tu. Halafu nitakupa."

Hakuna aliyeona ubaya. Mama Mkubwa mwenyewe alimpisha kwenye kigoda, akakaa chini karibu yangu, akitabasamu kama mwalimu anayempa mtoto chaki.

Yasinta alisoma vibaya. Nasema kweli. Alifuatisha mstari kwa kidole, akapotea, akarudi, maneno marefu akayakatakata. Mama Mkubwa alinibana kiwiko: unasikia? Nikasikia. Halafu nikasikia kitu kingine. Vigongo vilikuwa vimenyamaza. Mmoja, wa pili, mpaka wote. Korosho zilikuwa zinapoa kwenye bati na hakuna aliyejali. Kwa miaka yote Mama Mkubwa alisoma vita vyake juu ya kelele ya vigongo, ndiyo maana alikuwa na sauti kubwa vile. Walimnyamazia akitoa maoni, lakini akisoma walibangua. Hakuna aliyewahi kuacha kazi.

Tabasamu lake lilibaki usoni lakini likawa kama kitu alichosahau kukitoa.

Siku ya pili hakuna aliyeuliza nani anasoma. Yasinta aliingia, Bibi Flora akampangusia kigoda vumbi kwa kanga yake. Kitabu kilikuwa cha ajabu kidogo. Hakikuwa na shujaa. Kilikuwa na askari wanaogombania soksi kavu. Kilikuwa na mpishi, na choo, Mama Awadhi akashangilia mpaka akaanguka ubavu. Kilikuwa na chumvi: askari mmoja aliibeba kwenye kopo la dawa, akawagawia wenzake kwa ncha ya kidole. Bibi Flora alipoisikia hiyo alijifunika uso kwa kanga, hatukujua anacheka au analia. "Huyu alikuwepo," akasema. "Huyu alikuwepo kabisa."

Halafu likaja la ming'oko. Mwandishi alisema jioni moja, wakiwa na njaa, Koplo Anselmo aliwasimulia kwamba kwao Newala kuna viazi vya porini vinaitwa ming'oko, na mkewe Yasinta anavichimba mwenyewe na kuvichemsha, na vita ikiisha atawapeleka wote Mkunya wakale mpaka wasahau njia ya kurudi.

Banda lililipuka. Ko ko ko ko! "Rudia!" Yasinta akarudia. "Rudia!" Akarudia tena, akiwa anacheka na machozi yanatoka. Mkunya iko kitabuni! Ming'oko imeandikwa kwa wino! Mama Awadhi alisimama akacheza. "Na mtani wao mimi je, sijatajwa? Tafuta vizuri!"

Mama Mkubwa hakugonga jiwe. Nilimwona. Vita vyote vile alivyotusomea, mito yote, miji yote, hapakuwa na Mkunya hata mara moja, wala Mama Stefano.

Jioni ile kila mama aliweka kiganja chake kwenye ungo wa Yasinta.

Msomaji akiwa mwingine, aliyekuwa msomaji inabidi abangue. Mama Mkubwa alichukua kigongo. Mikono yake ilikuwa imesahau. Aligonga kwa hasira, korosho zikatoka mapande, na mapande hayana bei. Vidole vikaanza kuwa vyeusi, kwanza kwenye kucha, halafu mpaka kwenye pete ya ndoa. Nyumbani aliviosha kwa ndimu na majivu, akavitazama kwenye mwanga wa mlango, akaviosha tena.

"Kile kitabu hakina ufundi," alimwambia Baba Mkubwa wakati wa kula. "Sentensi fupi fupi kama za mtoto wa shule. Vita ni jambo kubwa, linataka mpangilio. Yeye anaandika soksi."

"Mbona naambiwa watu wanakipenda?"

"Hawakipendi kitabu. Wanampenda mjane."

Baba Mkubwa akamega ugali. Yeye ni mtu wa amani. Mama Mkubwa akamtazama muda mrefu, kama vile ndiyo kwanza anamwona.

"Wewe Nikolao umewahi kufanya nini?"

"Mimi?" Akafikiri. "Niliwahi kuumwa na nyuki, karibu nife."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya asali."

Mimi nilicheka, nikajizuia. Mama Mkubwa hakucheka. "Mwenzako kafa, kaandikwa," akasema. "Mkewe anatajwa kwa jina."

Baba Mkubwa akarudisha tonge sahanini. "Kwa hiyo unataka nife, Mama Stefano?"

"Sijasema hivyo."

Lakini hakusema kwamba hataki. Akaanza kukusanya vyombo wakati bado tunakula.

Nilikuwa najua wivu wa watu wanaogombania mume, au shamba. Huu sikuwa nimeuona. Mama Mkubwa ana mume mzima, watoto wazima, mikorosho inazaa, halafu anamwonea wivu mwanamke kwa kaburi ambalo hata halipo hapa. Bandani alianza kuuliza maswali yenye miiba. "Hapo mwandishi anasema walilala mtoni. Askari gani analala mtoni, si atasombwa?" Au: "Mama Isabela, soma kwa nguvu kidogo, wengine tuko huku kwenye moshi." Yasinta alisema, "Samahani, dada," akapandisha sauti, ikamkatika. Hilo nalo likawafanya kina mama wamsogelee zaidi.

Mwisho wa wiki Mama Mkubwa aliamua kutoa maoni, bila kuulizwa. Aliweka kigongo chini, akakohoa. "Mimi naona kitabu hiki ni chepesi. Hakitufundishi vita ilianzaje wala nani aliikosea nchi. Kinatupa vijambo vidogo vidogo. Kesho tutakuwa tumekisahau."

Zamani wangenyamaza, wangeyabeba maneno hayo mpaka bombani. Safari hii Bibi Flora aliendelea kugonga.

"Mimi vijambo vidogo ndivyo nilivyovikimbia," akasema. "Kubwa sikuiona, nilikuwa mgongoni."

"Mama Stefano," Mama Awadhi akadakia, "wewe unataka vita yenye tai shingoni!"

Wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, ni utani, na mtani ana haki yake. Yeye pia alivuta mdomo kama anacheka. Ila kigongo kilimponyoka kikagonga kidole, akakinyonya, na mafuta ya ganda yakambabua mdomo. Alikaa na kidonda kile siku nyingi.

Kitabu kikakaribia mwisho. Siku moja jioni, watu wanafungasha, Yasinta alimfuata Mama Mkubwa pale anaponawa.

"Dada, nina ombi. Ukurasa unaofuata ni ule wa Baba Isabela. Wa siku yake ile. Huo siwezi kuutoa kinywani mwangu. Wewe una sauti. Nisomee."

Mama Mkubwa alikausha mikono polepole kwenye kitenge. "Hujawahi kuusoma?"

Yasinta akatikisa kichwa tu, macho chini. Angeweza kuwa anajibu hapana, au anakataa kuulizwa. Mama Mkubwa aliuchukua kama alivyotaka kuuchukua. "Lete," akasema. "Nitausoma vizuri."

Asubuhi nilimsikia akisukutua. Halafu akaanza, nje ya dirisha langu, na kuku hawakutangaziwa salfa siku hiyo. Alisoma hivi:

"Tulikuwa tumevuka mto. Tukasikia mwenzetu mmoja anaita nyuma, kwenye majani. Koplo Anselmo akanipa kofia yake, akasema, nishikie, nakuja. Akarudi. Alimbeba yule kijana mpaka ukingoni, akamsukuma kwetu, na hapo ndipo alipopigwa. Kofia ninayo mpaka leo."

Alisoma mara nyingi. Mara kwa sauti ya juu, mara ya chini, mara akasimama kwenye "nakuja" kidogo, akajaribu tena bila kusimama. Ilikuwa nzuri, jamani. Sijawahi kumsikia akisoma vizuri vile. Nilijua bandani watalia, na nikajua watakuwa wamemrudia yeye.

Kwa hiyo sidhani kama alipanga. Nafikiri ilimjia pale pale.

Alikaa kwenye kigoda, mikono imesuguliwa mpaka inaonekana nyekundu chini ya weusi. Akafungua kitabu. Na kabla hajasema hata neno moja, vigongo vyote viliwekwa chini. Vyote. Yasinta alikuwa amekaa mbele yake, kichwa ameinamisha, na Bibi Flora amemshika begani. Macho ya watu hayakuwa kwa msomaji, yalikuwa kwa Yasinta. Mama Mkubwa aliyatazama macho yale yakipita pembeni yake. Kitu kikabadilika shavuni mwake.

Akasoma. "Tulikuwa tumevuka mto. Tukasikia mwenzetu mmoja anaita nyuma, kwenye majani." Sauti safi, inatetemesha bati. "Koplo Anselmo aliposikia hivyo alitupa kofia yake, akakimbia. Tulimwita, hakugeuka. Risasi ikampata mgongoni."



Mtoto wa mtu akakohoa. Mama Awadhi akawa wa kwanza. "Alikimbia?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Mama Mkubwa akasema.

"Hata mimi ningekimbia," Bibi Flora akasema haraka, akimpapasa Yasinta. "Nani asiyekimbia? Mama yangu alikimbia, ndiyo nikawepo. Huo si ubaya, mwanangu."

Yasinta aliinua kichwa. Hakuwa analia. Alimtazama Mama Mkubwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni.

"Rudia hapo, dada," akasema.

Mama Mkubwa akashtuka. Sijui kama siku zile zote za kusoma vya kwenye kurasa zilimsahaulisha kwamba maneno ya kubuni hayangoji palepale ulipoyaacha. Akateremsha macho kwenye ukurasa. Lakini macho yangemsaidia nini, pale yameandikwa mengine.

"Koplo Anselmo... alitupa bunduki yake. Akakimbilia kwenye majani. Hakuna aliyemwita. Na risasi ikampata..." akafuata mstari kwa kidole, "ikampata shingoni."

"Aa!" Mama Awadhi akapiga paja. "Mwanzo alitupa kofia, sasa bunduki. Mwanzo walimwita, sasa hawakumwita. Hicho kitabu kinazaa?" Alianza kucheka, kwa mazoea tu, kisha akaelewa anachokicheka, mdomo ukabaki wazi.

Yasinta akaanza kusema. Hakusimama, hakunyoosha mkono kuomba kitabu. Aliweka mikono yake myeusi magotini akausema ukurasa wote, kwa sauti yake ile ndogo, bila kukatakata hata neno moja. Mwenzetu anaita nyuma. Kofia. Nishikie, nakuja. Akarudi. Kijana, ukingo, akamsukuma. Kofia ninayo mpaka leo. Kumbe alikuwa ameusoma kimya kimya mara zisizohesabika, kwa macho tu, tangu Lisekese. Kinywani ndipo ulipokuwa haujapita. Sasa umepita.

Bibi Flora alikuwa anafuata kwa midomo. Yasinta alipomaliza, hakuna aliyegonga jiwe wala kusema rudia.

Nilidhani watamtukana Mama Mkubwa. Ningependa wangemtukana, nafikiri na yeye angependa. Walimtazama tu. Ndiyo, sasa walimtazama yeye, wote, na banda lote liko kimya kwa ajili yake.

"Miaka yote!" akasema ghafla. Sauti ilikuwa bado ile ya kusomea, hakuwa na nyingine. "Nani aliyewaletea vita hapa? Nani alipanda magari mpaka Masasi na mvua? Mlikuwa hamjui hata koplo na kapteni nani mkubwa! Nimewasomea mpaka koo limeota sugu, mnagonga, mnagonga, mnagonga. Anakuja mtu na kitabu kimoja, kimoja, hajui kusoma..."

Ikamkatika. Kwa mara ya kwanza, sauti ile ikamkatika.

"Mama Stefano," Bibi Flora akasema polepole, "mtu amefiwa."

"Najua amefiwa! Ningekuwa nimefiwa mimi mngeninyamazia?"

Baada ya hapo hata yeye alisikia alichokisema. Akafunga kitabu, akakitazama, akamnyooshea Yasinta. Ukurasa ulikuwa na alama ya dole gumba lake, jeusi.

Yasinta hakukipokea. Alikisukuma kidogo, kwa upole, kikarudi kwenye mapaja ya Mama Mkubwa.

"Kaa, dada," akasema. "Imebaki sura moja. Umalizie wewe. Sauti unayo wewe."

Hakuwa anamkejeli. Ningemwona. Alimaanisha kabisa, alimpa kiti kile kama mtu anavyompa mgeni maji. Na kina mama wengine walianza kuitikia, ehee, kaa Mama Stefano, yamekwisha, Mama Awadhi akasogeza ungo karibu na miguu yake. Walikuwa wamemsamehe kabla hajaomba, kwa sababu Yasinta amesema.

Mama Mkubwa alisimama. Kitabu kikaanguka kwenye maganda, nikakiokota.

"Usinihurumie," alimwambia Yasinta. Hakupiga kelele. "Chochote, lakini usinihurumie."

Akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Nilitoka nyuma yake mpaka kwenye mikorosho ya kwanza. Alitembea wima, mikono ameikunja kwapani. Alifika kwetu, Baba Mkubwa alikuwa uani, ameigeuza baiskeli juu chini, akamwinulia spana kumsalimu. Hakukata kona ya kuingia ndani. Akapita. Barabarani alisimamisha pikipiki, akapanda upande kama anavyopanda siku zote, akashika kitenge kisipeperuke. Niliita, "Mama Mkubwa!" Nadhani alisikia.

Wanasema yuko Chiwata kwa kaka yake. Baba Mkubwa amekwenda kumfuata, akaenda tena, akarudi peke yake. Nyumba hii ni ya ukoo wa Mama Mkubwa, kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo amebaki anafagia uwanja usio wa kwao. Mama Mkubwa hajakanyaga tena Mkunya.